Mlango wa Kinyerezi na pengo la sentimita mbili

Simu ilikuja saa mbili usiku, katikati ya Machi, joto la Dar likiwa bado halijavunjika. Aliyepiga ni muuguzi aliyepanga chumba Kinyerezi, yuko njiani kwenda zamu ya usiku. "Fundi, nimeambiwa unaziba milango. Baridi yote ya AC inaishia barazani. Nikinunua umeme leo, keshokutwa mita ya LUKU inalia."

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Tabata, na kazi ya kuziba nyufa siitwi mara nyingi. Watu huniita mlango ukigoma kufunga. Ukifunga vibaya wanavumilia. Nilimwahidi kupita asubuhi akirudi kutoka kazini, nikamwomba asiguse chochote, hata taulo lililo chini ya mlango aliache hapohapo. (Hakuwa ameniambia kwamba ana taulo. Kila mwenye mlango wa namna hiyo ana taulo.)

Nyumba ni safu ya vyumba vitatu ndani ya uzio mmoja, mama mwenye nyumba anakaa nyumba kubwa ya mbele. Kila chumba ni master, kina kona ya jiko, LUKU yake na kibaraza cha vigae. Mlango unatazama kusini-mashariki, kwa hiyo unapigwa na jua la asubuhi lote, na kusi likianza Aprili linaugonga uso kwa uso. Mtaa ni wa vumbi. Mpangaji analala mchana, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Maana yake kiyoyozi chake, BTU 12,000, si cha invata (aina inayobana umeme), kinachapa kazi saa zilezile jua linapochoma.

Mlango wenyewe ni wa mkongo, mbao nzito, upana sentimita 90, na nje yake kuna grili la nondo. Si mlango mbaya hata kidogo. Nilipouona nikajua kuna pesa ilitumika pale, ndiyo maana nilishangaa kuona mwanga wa jua umelala sakafuni kama rula kutoka kizingitini mpaka miguu ya kitanda. Nikatoa futi kamba. Chini ya mlango, upande wa bawaba, pengo lilikuwa milimita 21. Upande wa kitasa, milimita 17.

Mpangaji aliiangalia ile 21. Mimi niliishika ile tofauti ya milimita nne.

Alikuwa ameshajaribu mara tatu kabla yangu. La kwanza ni taulo, ambalo lina kasoro moja kubwa: unalipanga ukiwa ndani, kwa hiyo ukitoka mlango unabaki wazi kwa panya, mende na mbu wa magharibi. La pili, aliletewa fundi na dereva wake wa bodaboda. Fundi yule alikata vipande vya sponji la godoro, unene wa milimita 10, akavibandika kuzunguka fremu kwa gundi ya viatu. Mlango ukawa haufiki nyumbani. Ili afunge ilibidi ausukume kwa nyonga, na wiki ya pili ulimi wa kitasa ukapinda. Akavibandua vyote, ikabaki gundi nyeusi juu ya rangi, ambayo mama mwenye nyumba aliiona na kuiwekea kumbukumbu.

La tatu ndilo lililonivutia. Alitazama video ya mtu wa Uingereza anayeandaa nyumba ya kupanga kwa ajili ya majira ya baridi, akashona nyoka wa kitambaa aliyejazwa mabaki ya nguo, akamlaza chini ya mlango. Kazi nzuri, mshono safi. Ila video ile ilitengenezwa kwa hewa inayokwenda upande mwingine. Kule ndani kuna joto na nje kuna baridi. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda na kutokea juu, na baridi inafyonzwa kupitia chini ya mlango. Ndiyo maana wao wanaanza na chini, wanaihisi miguuni. Kwake Kinyerezi chumba ndicho chenye baridi. Hewa baridi ni nzito, inashuka, inatambaa sakafuni, inatokea chini, na nafasi yake inajazwa na hewa ya moto inayoingia juu. Ukiziba chini peke yake umepunguza, lakini baridi itatafuta nyufa za pembeni karibu na sakafu, na juu joto litaendelea kujikaribisha.

Hili sikutaka aliamini kwa maneno. Nikamwomba udi wa vijiti, akawasha kimoja, tukafunga madirisha na kuacha kiyoyozi kikiunguruma. Nilipokishusha kile kijiti karibu na sakafu, moshi ulilala chali na kukimbilia nje, kama kuna mtu amekaa barazani anaufyonza kwa mrija. Usawa wa kiuno, moshi ukasimama unasitasita. Nikakipandisha mpaka kona ya juu upande wa kitasa. Moshi ukageuka, ukatupiga usoni sote wawili.

"Kwa hiyo huku juu ndiko joto linakoingilia?"

"Huko."

"Na mimi miezi miwili nahangaika na sakafu."

Tulifanya vipimo vingine vitatu, vyote vya bure. Tukashusha mapazia na kuzima taa ili jua lituonyeshe nyufa: chini pote, theluthi ya juu ya upande wa bawaba, na ile kona ya moshi. Kisha nikafunga mlango juu ya kipande cha risiti ya duka na kukivuta, nikihama kila baada ya kiganja kimoja. Pale risiti ilipong'ang'ania, mlango unakaa vizuri kwenye fremu. Pale ilipochomoka bila kubisha, hewa inapita. Mwisho, unga wa chapati. Nilimwomba donge dogo lililokandwa kavu, nikalikata vipunje, nikavifunga kimoja kimoja kwa mfuko wa plastiki na kuvibandika kwenye fremu pale ubao unapogusa. Ukifunga mlango taratibu na kuufungua, kila kipunje kimebanwa mpaka unene halisi wa upenyo wa mahali pake. Kimoja kilitoka milimita 2, kingine 3, cha juu karibu na bawaba 6. Hapo ndipo unajua sponji la milimita 10 lilikuwa linatafuta ugomvi na kitasa tangu siku ya kwanza.

Nje ya mlango, juu ya vigae, kulikuwa na mstari wa unyevu. Mpangaji alidhani bomba linavuja. Ulikuwa umande. Baridi yake ilikuwa inamwagika kizingitini, inapoza kigae, na hewa nzito ya Machi inaacha maji yake pale kama inavyofanya kwenye chupa ya soda. Alikuwa analipia kupoza baraza la watu.

Sasa ile tofauti ya milimita nne. Mlango ulionyooka huwa na pengo sawa chini, huku na huku. Huu ulikuwa umeinama upande wa kitasa, na kona yake ya juu ilikuwa imechubua rangi ya mwimo. Nikapanda stuli kuangalia bawaba ya juu. Kati ya matundu manne, mawili yana skurubu, moja liko wazi, na la nne lina msumari wa inchi tatu uliogongwa mpaka kichwa kikapinda. Nilipoushika mlango kwa kitasa na kuunyanyua, bawaba ilicheza kama jino la mtoto.

Nikaushusha mlango, nikaulaza juu ya magunia barazani, nikaangalia ukingo wa chini. Hauna vanishi. Una alama za msumeno zilizokwenda mshazari, mbao tupu, na kwenye kona ya kitasa imeanza kuwa nyeusi na laini, ukucha unaingia. Kisa chote kilikuwa pale.

Zamani kidogo, kabla ya mpangaji huyu, mlango ulianza kukwaruza sakafu. Akaitwa fundi. Fundi akasema kile ambacho mafundi wengi husema masika: mbao imevimba. Akaukata chini, karibu sentimita mbili, ili asirudi tena. Lakini mbao haivimbi hivyo. Inavimba kwa upana wake, kukingama na nyuzi zake. Kwa urefu wa nyuzi haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Nguzo mbili za mlango zimesimama wima, kwa hiyo mlango hauwezi kurefuka sentimita nzima kwa sababu ya mvua. Na mkongo katika mbao zetu ni miongoni mwa zile tulivu zaidi, ndiyo maana watu wanaulipia. Mlango ukikwaruza sakafu upande wa kitasa peke yake, panda stuli uangalie bawaba kabla hujashika msumeno. Mwenzangu yule aliacha msumari uendelee kulegea, akakata mlango uliokuwa mzima, akaacha nyuzi za mbao wazi zinywe maji ya masika kila mwaka. Nasema hivi bila kumtaja, maana simjui. Na ningemjua pia nisingemtaja, kwa sababu ujana wangu mimi nilishakata milango miwili ya namna hiyo.

Maji lilikuwa swali jingine kabisa. Mpangaji alihamia Januari, hakuwa ameonja masika pale, ila jirani wa chumba cha kati alishamwonya. Nikaweka pimamaji juu ya vigae vya baraza: vinateremka kuelekea mlangoni, kama milimita nane kwa kila mita. Nikamwaga nusu ndoo ya maji karibu na ngazi. Yalitulia kidogo, yakafikiri, yakaja moja kwa moja kwetu. Hakuna sponji duniani litakalozuia hilo. Sponji lingeyanywa na kukaa nayo.

Kwa hiyo aliyeniita kwa shida moja alikuwa na nne zinazopita tundu moja: baridi, maji, vumbi na wadudu, mwanga. Dawa ya moja inaweza kuharibu nyingine. Na juu ya zote kulikuwa na mkataba wa kurasa mbili unaosema mpangaji asitoboe wala kubadilisha chochote bila idhini ya maandishi.

Jioni ile nilipiga hesabu, kwa sababu nilijua nitaulizwa. Pengo la wastani wa milimita 19 kwa upana wa sentimita 90 ni sentimita za mraba 171. Ni sawa na kutoboa ukuta tundu la sentimita 17 kwa 10 na kuliacha wazi kiyoyozi kikiwaka. Nikakadiria mita za ujazo 50 za hewa zinabadilishana kila saa. Hewa ya nje ya nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75 inabeba gramu 21 hivi za maji kwa kila kilo. Ya ndani, kwenye nyuzi 25 na asilimia 55, gramu 11. Kiyoyozi kikipokea hewa hiyo, kwa kila sehemu tano za kazi yake nne zinakwenda kukamua maji, moja tu ndiyo ya kushusha joto. Jumla inafika nusu kilowati ya ubaridi, sehemu moja ya saba ya uwezo wa mashine ya BTU 12,000. Mashine ya kawaida hula umeme kama theluthi ya ubaridi inaotoa, kwa hiyo kwa saa saba za usingizi wake ni uniti moja na kidogo. Kwa mtu anayetumia zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ilikuwa inagharimu kama shilingi 356, tozo zikiwemo.

Yaani shilingi mia nne na ushei kwa siku. Sikumficha: si hela ya kumtajirisha mtu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Fundi, mimi nataka kulala."

Kesho yake tulikwenda kwa mama mwenye nyumba. Alikuwa anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu ndiye fundi wa sponji?"

"Hapana mama, yule alikuwa mwingine," mpangaji akajibu haraka.

Mama alisikiliza habari za umeme bila kuinua macho kwenye ungo. Kwa nini ainue? LUKU ni ya mpangaji. Kosa ambalo nimeona wapangaji wengi wanalifanya ni kumweleza mwenye nyumba hasara yao wenyewe. Nilimwomba atembee hatua ishirini tu. Nikamwonyesha ukingo wa chini, nikachomeka ukucha kwenye ile kona laini, nikamwomba na yeye achomeke wake. Akachomeka. Akauliza mlango wa mkongo siku hizi ni shilingi ngapi. Nilipomtajia, aliweka ungo chini.

Tulikubaliana hivi, na mpangaji akayaandika WhatsApp palepale, mama akajibu kwa sauti ya sekunde saba, "Nimekubali, ila asitoboe vigae vyangu." Kilichokuwa ugonjwa wa mlango ni cha mwenye nyumba: bawaba tatu mpya, skurubu, vanishi, na kipande cha mbao cha kumwaga maji nje. Kilichokuwa raha ya mpangaji ni cha mpangaji: sponji la fremu, ufito wa alumini wenye mpira chini ya mlango, na ufundi wa kuvifunga. Akihama anaweza kuondoka na ufito, na matundu yake manne nitayaziba mimi. Tulipiga picha fremu yote kabla, pamoja na gundi ya yule fundi wa sponji, ili isije ikawa kesi ya mwisho wa mkataba. Sehemu ya mama ilifika shilingi 62,000, ya mpangaji 38,000.

Kazi ilichukua siku moja, na nilianza na bawaba. Matundu ya zamani niliyajaza vijiti vya mninga vilivyopakwa gundi ya mbao, nikavikata sawa, nikasubiri vikauke, nikatoboa upya na kutia skurubu ndefu zinazofika kwenye moyo wa mwimo. Mlango ulisimama wima. Nikapima chini: milimita 21 huku na 21 huku.

Mpangaji aliinama, akaangalia. "Fundi, umekuja kuziba au kufungua?"

Ni kweli, pengo lilikuwa limeongezeka. Ila sasa lilikuwa sawa, na pengo lililo sawa linazibika kwa ufito ulionyooka. Ningelifunga ufito kwenye mlango ulioinama, ungekwaruza upande mmoja na kuelea mwingine, na miezi mitatu baadaye mpira ungekatika pale unapokwaruza. Na kona ya juu, ile iliyotupiga moshi, ilijifunga yenyewe zaidi ya nusu kabla sijabandika kitu.

Kona iliyooza niliichonga mpaka kwenye mbao ngumu, nikaunga kipande, nikaupaka ukingo wote wa chini vanishi mara tatu. Hatua hii haionekani na hakuna mteja atakayeisifu, lakini ndiyo iliyouokoa mlango.

Kwa fremu nilitumia sponji jeusi la mpira, lile lenye vitundu vilivyozibwa. Ukilibonyeza kwenye maji halinywi, tofauti na la godoro. Nilinunua Kariakoo la unene wa milimita 3 na la 6, nikafuata ramani ya vipunje vya unga, niliyoichora upya mlango ukishanyooka: 6 pale penye upenyo wa milimita 4 hivi, 3 pale penye 2. Libanwe kama theluthi, lisipondwe. Kabla ya kubandika nilisugua ile gundi ya viatu kwa msasa mwembamba, nikafuta kwa spiriti, nikaacha rangi ikauke kabisa. Gundi ya sponji hizi haipendi vumbi wala mafuta ya mikono, na kwenye mlango unaopigwa na jua itakudondokea wiki ya pili ukipuuza. Kitasa kilifunga kwa kusukumwa na kidole kimoja. Nilimfanya mpangaji ajaribu mara kumi mbele yangu.

Chini nilifikiria brashi. Brashi ni nzuri kwenye vigae visivyo sawa, vumbi inakamata, mende inawachosha. Lakini maji inayapitisha. Nikachagua ulimi wa mpira uliobanwa na alumini, nikaufunga upande wa ndani kwa skurubu nne fupi, ncha ya mpira ikigusa kigae kiasi cha kukiramba tu. Matundu ya skurubu kwenye alumini ni marefu, kwa hiyo mpira ukichakaa unaushusha milimita mbili bila kutoboa upya. Mkeka wa mlangoni ilibidi usogezwe ndani nusu mita, vinginevyo ungenaswa kila anapofungua. Hilo lilimuudhi zaidi ya gharama.

Upande wa nje, karibu na chini, nilifunga kipande cha mkongo kilichochongwa mshazari, kinatoka nje sentimita tatu, chini yake nimechora mfereji mwembamba ili tone lishindwe kurudi ndani na lidondoke. Maji yanayotiririka kwenye uso wa mlango yanaishia hapo. Kwa yale ya barazani, mama alishasema vigae visiguswe. Nilibandika pembe ya alumini yenye kimo cha sentimita mbili juu ya vigae, nje ya mlango, kwa silikoni peke yake. Silikoni inabanduka kwa wembe bila kuacha jeraha. Nikaacha njia upande mmoja maji yatokee kwenye ua.

Nilipokuwa nafungasha vifaa ndipo nikaona mtungi wa gesi, wa kilo sita, umekaa kona ya jiko, hatua tatu kutoka mlangoni. Nikakaa chini tena. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inakaa sakafuni kama maji, na sehemu yake ya kutokea ni chini ya mlango. Nilikuwa nimetoka kuiziba kwa mikono yangu. Nilichungulia dirisha la jiko: liko juu, na alikuwa amelifunga kwa karatasi za nailoni kwa sababu ileile ya kuhifadhi baridi. Mtungi ukahamia barazani siku hiyohiyo, ndani ya kibanda cha grili chenye kufuli, na mpira wake mpya ukapita tundu lililokuwepo la bomba la zamani la maji. Mtungi ungebaki ndani, ningeng'oa ufito wangu na kumrudishia taulo lake. Tukaongea pia habari ya mkaa. Umeme ukikatika huwa anapikia jiko la mkaa, na siku za mvua aliwahi kuliingiza ndani "dakika chache tu." Chumba kilichozibwa vizuri na mkaa unaowaka havikai pamoja hata dakika hizo, moshi unauona, ile hewa ya sumu huioni wala huinusi. Yeye ni muuguzi, hakuhitaji hotuba. Alisema ameshawapokea watu wa hivyo.

Tulipima kabla na baada, siku tano tano, saa mbili mpaka saa tisa, kiyoyozi kikiwa kwenye nyuzi 25. Kabla: wastani wa uniti 6.9 pamoja na friji. Baada: 5.8. Inakaribiana na hesabu yangu kuliko nilivyotarajia, na hiyo inanitia shaka kidogo, kwa sababu siku mbili kati ya zile tano za mwisho kulikuwa na mawingu. Kipimo ninachokiamini zaidi ni ndoo. Bomba la maji ya kiyoyozi linamwagikia kwenye ndoo ya lita 10 nje ya dirisha. Kabla, ilikuwa inafika lita tisa kwa usingizi mmoja. Baada, sita. Lita tatu za maji ya hewa ya Kinyerezi zilizokuwa zinaingia kama mvuke na kukamuliwa kwa umeme wake hazikuingia tena. Na ule mstari wa umande kizingitini ulikauka.

Kwa fedha peke yake, mpangaji atarudisha 38,000 zake baada ya miezi mitano hivi ya kuwasha kiyoyozi, akifanya zamu ishirini kwa mwezi. Kama ungekuwa unalala usiku na feni, nisingekushauri utumie hata nusu ya hizo kwa ajili ya baridi. Ungeshona nyoka kama yule wa video, au ungenunua ile mito miwili ya sponji iliyounganishwa kwa kitambaa, inayoingia chini ya mlango na kutembea nao. Haitoboi chochote, inazuia mbu. Iondoe tu kabla ya masika.

Masika yenyewe yalikuja na nguvu wiki ya pili ya Aprili. Alinitumia picha saa kumi na moja alfajiri: baraza limejaa, maji yamesimama nyuma ya pembe ya alumini, ndani vigae vikavu isipokuwa kijitone kwenye kona ya bawaba, ambako silikoni haikushika kwa sababu niliipaka juu ya vumbi la saruji. Nikarudi, nikapaka upya, sikumtoza. Chumba cha kati, jirani alikuwa anachota kwa dekio.

Julai, kipupwe, kusi likivuma, nilipita tena. Kiyoyozi kimezimwa siku nyingi, anafungua dirisha. Sponji liko imara. Ncha ya mpira imelika upande wa kitasa, pale miguu inapopita zaidi. Nikaushusha ufito milimita moja. Ile mbao ya kumwaga maji imeleta jambo nisilolitarajia: inadondoshea bawaba ya chini ya grili, na bawaba imeanza kutu. Nimeipaka grisi, lakini najua hilo ni la muda.

Mama mwenye nyumba alinikuta barazani, akaniuliza kama naweza kuangalia milango ya vyumba viwili vilivyobaki kabla ya vuli. Niliishusha yote asubuhi moja. Cha kati kimekatwa chini kwa msumeno uleule, mshazari uleule, na bawaba ya juu ina misumari mitatu. Cha mwisho kina skurubu zote nne na kimenyooka kama kilivyotoka karakana. Nacho kimekatwa.